Jibu Lisilokwenda Hewani

Theopista aliyarudia maneno yale njia nzima kutoka Nsemulwa, akitembea haraka pembeni mwa barabara, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali rozari. Waliomsalimu aliwaitikia bila kuwaona. Alivaa gauni la kitenge cha njano, lile la kanisani, ingawa ilikuwa Alhamisi na safari yenyewe ilikuwa ya gereji.

Mpanda nzima ilimjua kwa pikapu yake ya bluu iliyobeba asali kutoka Inyonga. Theo wa Asali, walimwita. Wanaume waliozoea kumwona nyuma ya usukani, amefunga kilemba na kukunja mikono ya shati, walidhani hana anachokiogopa duniani. Na kweli, matope ya masika hayakumtisha, wala njia ya porini isiyo na nyumba hata moja. Kilichomtisha ni mtu mmoja tu, fundi Didace, kijana mrefu wa Katumba mwenye sauti ya chini na macho ambayo yakikutazama unasahau ulichofuata.

Walikuwa wamefahamiana tangu mwaka juzi. Gari likimsumbua, anampelekea. Lisipomsumbua, Didace humwambia alirudishe hivyohivyo akague oili. Wakizungumza, mazungumzo huanza kwenye tairi na kuishia pasipojulikana. Halafu huja kimya. Katika kimya kile Theopista huona kabisa kwamba kuna neno limekaa mdomoni mwa yule mwanamume, linataka kutoka. Kisha Didace huinama, huokota spana, na neno hurudi lilikotoka.

Sasa muda ulikuwa umekwisha. Jumapili, watu wa Gideon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, walikuwa wanakuja kuzungumza na baba yake. Mzee Kasimiri alikuwa ameshafika mjini kutoka Mpimbwe kwa ajili ya ugeni huo, amefikia kwa dada yake, Shangazi Fausta, nyumba ileile anayoishi Theopista.

"Leo atasema," Theopista alijiambia akiingia getini. "Na asiposema, nitasema mimi."

Gereji ilikuwa tulivu. Pikapu yake ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, na chini yake ilichomoza miguu mirefu ndani ya ovaroli ya kijivu. Aliitambua miguu ile.

"Didace."

"Ni wewe?" Sauti ilitoka chini ya gari. "Mbona umewahi? Si nilikwambia mchana?"

"Usitoke. Kaa hukohuko. Ukitoka nikakuona uso, nitashindwa kusema."

"Hata kutoka siwezi, gia boksi lote nimelikumbatia hapa, Salvatori amekwenda kununua boliti. Lakini subiri kwanza..."

"Nimesubiri vya kutosha."

"Sikiliza. Hapo kwenye tairi la mbele kuna..."

"Didace, nakuomba, usinikatize! Ukinikatiza nitakimbia." Alishika mlango wa pikapu kwa mikono miwili, akafumba macho. "Jumapili watu wa Gideon wanakuja kwetu. Wanakuja kuniposa. Gideon ni mtu mzuri, sina kosa la kumpa. Ana nyumba, ana adabu, anasali. Lakini akiniita jina langu, nasikia jina tu. Wewe ukiniita, nasikia mwili mzima umeitika. Nikiwa porini naendesha, nakuwaza. Nikipakia asali, nakuwaza. Mpaka Shangazi ananiuliza naumwa nini. Mimi ni mwanamke, najua nyie wanaume mnataka kusema kwanza. Basi hujasema! Sasa nakuuliza mimi. Unanipenda au hunipendi? Kama unanipenda, sema kabla ya Jumapili. Kama hunipendi, nitengenezee gari langu niondoke, nikaolewe."

Alifumbua macho. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima wa Mwese kwa miguu.

Chini ya gari palikuwa kimya.

"Didace?"

Hapo ndipo Salvatori, fundi umeme wa gereji ile, alipoingia getini mbio, boliti mkono mmoja na simu mkono mwingine, macho yamemtoka.

"Dada! Nyie! Mko laivu!"

Theopista alimtazama bila kuelewa.

"Laivu, dada! Hewani! Watu wote wanakusikia!"

Aliinama taratibu. Nyuma ya tairi la mbele, kwenye kistendi kifupi, simu ya Didace ilikuwa imesimama ikitazama uvungu wa gari. Ilikuwa inaona mikono ya fundi, gia boksi, na kwa upande wa pili pindo la gauni la njano na viatu vya kanisani. Mioyo midogo myekundu ilikuwa inapanda kwenye kioo kama mapovu ya soda.

"Mama yangu," alisema.

Alijua Didace hurekodi kazi zake. Nani asiyejua? Kila gari analolifungua analionyesha mtandaoni, anaeleza kilichoharibika, anaonyesha kifaa kibovu na kipya. Theopista mwenyewe alimruhusu arekodi pikapu, kwa sharti moja tu, kwamba sura yake na jina lake visionekane. Amewatetea mafundi wa namna ile mara ngapi! Mafundi wengine mjini walilalamika kwamba Didace anauza siri za kazi. Madereva walimsifu, walisema sasa hakuna wa kuwafungia kifaa chakavu wakalipia kipya. Shangazi Fausta alisema ni watafuta sifa tu, huku akiwaangalia kila siku. Theopista alikuwa akiwajibu wote. Na sasa ameanikwa yeye.

"Maoni yanatiririka!" Salvatori hakujizuia. "Huyu wa Sumbawanga anasema, fundi, jibu, mtoto wa watu anasubiri. Huyu anauliza hilo gauni ni la nani. Huyu anasema asilimia zote, oa! Didace, jibu kaka, watu elfu tatu wamekaa wanakusikiliza wewe!"

"Lete jeki," sauti ilisema chini ya gari, nzito. "Lete jeki, Salvatori. Acha kusoma."

Salvatori alisukuma jeki, wakaliegemeza gia boksi, na Didace akajiburuta nje. Alisimama. Uso wake ulikuwa na michirizi ya grisi, shavu moja limeingia vumbi, na katikati ya uchafu ule macho yake yaling'aa vibaya. Alimtazama Theopista. Mtazamo ule ulianzia kwenye kilemba ukashuka mpaka kwenye viatu vya kanisani, ukarudi juu, ukatulia. Midomo yake ilifunguka.

Theopista aliinua uso kulipokea lile neno.

Didace aligeuka, akainama, akazima simu.

Salvatori alishusha simu yake taratibu.

"Basi," Theopista alisema. "Ndiyo jibu hilo. Nimeelewa."

"Hujaelewa."

"Watu elfu tatu wameelewa, mimi nishindwe? Nimesimama hapa nimekuvulia moyo, na wewe umenizimia kama redio!" Aligeuka aingie kwenye pikapu aondoke, akashika mlango, akakumbuka gari halina gia boksi. Hasira ikazidi. "Hata pa kukimbilia huna huruma ya kuniachia!"

Salvatori aliangua kicheko, akakimeza haraka, akajifanya anatafuta kitu upande wa pili wa banda.

"Nilikwambia subiri," Didace alisema. "Nilitaka kukwambia kuna simu. Hukunipa nafasi."

"Ungepiga kelele!"

"Ningepiga kelele, ningelitaja jina lako mbele yao, na nilikuahidi sitalitaja. Tena..." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Tena nilikuwa nataka kusikia mwisho wake."

Maneno yale yalimpiga mahali pabaya, yakataka kumlainisha. Alikaza uso.

"Sasa umesikia. Kwa nini hukujibu?"

"Theo, unajua kwa nini nilianza kurekodi?"

"Sifa."

"Huamini hivyo." Alisogea hatua moja. "Kwenye gereji niliyojifunzia kazi kilipotea kifaa cha mteja. Tulikuwa mafundi wengi pale. Mkaguliwe, walisema. Aliyekaguliwa ni mimi peke yangu. Kwa nini? Kwa sababu jina langu ni Didace, na wazee wangu walitoka Burundi. Kifaa kilipatikana kwenye gari lilelile, kilisahauliwa. Hakuna aliyeniambia samahani. Siku hiyo niliapa kwamba nitakapofungua gari la mtu tena, dunia nzima itaona mikono yangu. Ndiyo maana simu inawaka. Nataka watu waone mikono, Theo. Moyo wangu sikuwahi kutaka wauone. Wangenitaka nikujibu pale, wapige makofi, wacheke, kesho wahamie kwa mwingine. Mimi si..."

Simu ya Theopista ililia. Shangazi Fausta.

"Wewe mtoto!" Sauti ya Shangazi ilipasua gereji nzima bila kuwekwa spika. "Uko wapi? Uko hukohuko? Mungu wangu! Mimi nilikuwa nachambua mchele, naangalia zangu video, baba yako amekaa hapa anakunywa chai. Tukasikia sauti. Baba yako akasema, si Theopista huyo? Nikasema hapana, wanafanana sauti. Akasema, na gauni? Mama, ameona! Amesikia mpaka mwisho!"

"Amesema nini, Shangazi?"

"Hajasema kitu, ndiyo mbaya! Amevaa koti. Mzee Kasimiri kuvaa koti siku ya kazi! Ameita bodaboda, anakuja huko."

Theopista alishusha simu.

"Kaka, toka kwa mlango wa nyuma," Salvatori alisema bila mzaha safari hii. "Mimi nitamwambia umekwenda kuvuta gari la mtu porini. Wazee wa Mpimbwe nawajua."

"Nenda, Didace," Theopista alisema. Hasira yake yote ilikuwa imegeuka woga, na woga ule haukuwa wa nafsi yake. "Nenda kwanza. Nitaongea naye."

Didace alikwenda kwenye ndoo. Alimwaga sabuni ya unga kiganjani, akaanza kunawa mikono.

"Unafanya nini?"

"Nanawa. Siwezi kumsalimia baba yako na grisi."

Alikuwa bado anasugua viwiko pikipiki iliposimama getini. Mzee Kasimiri alishuka polepole, mfupi, mkakamavu, koti jeusi limefungwa vifungo vyote. Aliingia akitazama huku na huku, magari yaliyofunguliwa, vyuma, kistendi cha simu. Alikitazama kile kistendi kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Shikamoo, Baba," Theopista alisema kwa sauti ndogo, akipiga goti.

"Marahaba, mama. Inuka, hapo pana oili."

"Shikamoo, mzee," Didace alisema. Maji yalikuwa yanamdondoka mikononi.

Mzee hakuitikia. Alimkagua kijana kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Wewe ndiye fundi wa simu."

"Ndiyo, mzee. Naitwa Didace."

"Mafundi wa simu siwapendi. Nakwambia mapema. Dada yangu anawaangalia kila jioni, mimi nakaa naye naangalia, na siwapendi. Gari la mtu ni kama chumba chake. Mtu anayefungua boneti ya mwenzake mbele ya dunia, ataweza kufunga mlango wa nyumba yake? Nyumbani kuna kugombana. Kuna kulala njaa. Kuna kuumwa. Na hayo utatuonyesha?"

"Hapana, mzee."

"Sijamaliza." Mzee alipandisha sauti. "Huyu ni mwanangu wa pekee wa kike. Mama yake aliniachia akiwa mdogo. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Hata mimi hajaniomba, hilo gari amelinunua kwa asali yake. Leo nakunywa chai, nasikia sauti yake anaomba. Anamwuliza mwanamume, unanipenda au hunipendi. Na mwanamume kafanya nini? Kazima simu!"

Theopista alimtazama baba yake, mdomo wazi.

"Baba... hukasiriki kwamba nilisema?"

"Nikasirike kwa nini? Wewe ni mtu mzima, umesema kwa adabu, hukumtukana mtu, hata huyo Gideon umemsifu. Mama yako naye alinitamkia yeye, shambani, mbele ya wadogo zake. Hukuambiwa?" Akamgeukia Didace. "Kilichonivalisha koti ni wewe. Umeniachia mtoto amesimama kwenye jua, watu wote wanamtazama viatu, na hujampa jibu. Hapo ndipo ulipomwaibisha. Sasa chukua simu yako. Iwashe. Waite hao watu wako wote warudi, umjibu mbele yao kama alivyokuuliza mbele yao. Ndiyo au hapana. Nimekuja kusikia."

Salvatori alikuwa ameshaiokota simu. Aliinyoosha kwa Didace, macho yanang'aa. "Wengi wao bado wako pale, kaka. Wanauliza kuna nini."

Didace aliipokea. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Alimtazama mzee, akamtazama Theopista, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alionekana kama kijana mdogo asiyejua afanye nini.

"Mzee ukisema niwashe, nitawasha. Kwa heshima yako nitafanya. Lakini aliyeuliza ni yeye. Acha aseme yeye anataka jibu lake wapi."

Wanaume watatu walimgeukia. Theopista alifikiria mioyo ile myekundu ikipanda kwenye kioo, Sumbawanga, Tabora, Kigoma, watu wasiomjua wakishangilia. Ingekuwa tamu. Mji mzima ungenyamaza. Kisha aliyaona macho ya Didace. Lile neno lilikuwa palepale mdomoni mwake, miaka miwili sasa, karibu kabisa kutoka.

"Usiwashe," alisema. "Baba, nimewapa swali langu bure. Jibu siwapi. Nataka nilisikie mimi."

Mzee Kasimiri alikuna kidevu. Halafu, taratibu, akafungua kifungo cha juu cha koti.

"Haya. Salvatori, ndiyo jina lako? Njoo unionyeshe hiyo mashine ya kule." Akaelekea mbali, akasimama mgongo ukiwa kwao, uso kwa barabara. Hakukuwa na mashine yoyote kule.

Walibaki wawili, pikapu ya bluu kando yao. Didace alisogea mpaka Theopista akasikia harufu ya sabuni.

"Unakumbuka mara zote nilizokuita nikague oili?"

"Nakumbuka."

"Oili ilikuwa nzima."

"Zote?"

"Zote. Ile siku nilisema nimesikia mlio kwenye ekseli, hapakuwa na mlio. Ile siku nilisema kaa kwanza injini ipoe, ilikuwa imeshapoa zamani. Hayo sikuyarekodi." Sauti yake ilikatika kidogo. "Nilikuwa naogopa, Theo. Nilijiambia, binti wa Mzee Kasimiri, ana gari lake, ana jina lake, na mimi ni yule aliyekaguliwa peke yake. Nilisubiri niwe na gereji yangu ndipo niseme. Leo umesema wewe, na mimi nimelala chini nimekumbatia gia boksi, nikawa nalia huko chini kama mtoto. Ndiyo maana sikujibu. Sauti ilikuwa haitoki."

Theopista aliinua mkono akagusa ule mchirizi shavuni. Alikuwa amedhani ni grisi na jasho tu.

"Hilo si jibu bado," alinong'ona.

Didace aliinama, mdomo karibu na sikio lake, akamjibu. Alimjibu kwa Kirundi kwanza, lugha ya mama yake, kisha kwa Kiswahili ili pasiwe na shaka. Alisema polepole, akimtaja jina, na jina lile likampita Theopista mwilini kama maji baridi saa ya jua kali. Akacheka. Machozi yakamtoka akiwa bado anacheka.

"Jumapili..." alianza.

"Jumapili ni yangu mimi," Mzee Kasimiri alisema bila kugeuka. Kumbe masikio yalikuwa huku. "Watu wa Gideon nilisema waje tuzungumze, sikusema waje wachukue. Leo hii nitawafuata mwenyewe, niwaambie kwa heshima, wasije wakafunga safari bure. Na wewe fundi, wazee wako Katumba wapo?"

"Wapo, mzee. Baba na mama."

"Waje. Waje kwa utaratibu, na mjumbe wao, kwangu Mpimbwe, si kwa dada yangu. Nitawapikia wali wa shamba langu. Na siku hiyo nisikione kile kidude cha kusimamishia simu."

"Hutakiona, Baba."

Neno lile, Baba, lilitoka lenyewe. Mzee alilisikia. Alikung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye koti.

"Marahaba," alisema hatimaye, akiitikia shikamoo ile ya kwanza.

Salvatori alipiga kofi moja la nguvu, akakumbuka mzee yuko karibu, akaficha mikono mgongoni. Simu ya Theopista ililia tena, Shangazi Fausta, ikalia mpaka ikakata. Didace alikuwa ameshika vidole vya Theopista, vidole vyote, kwa mikono iliyolowa bado maji ya kunawa, na hakuna kati yao aliyeonekana kujua namna ya kuachia.

"Mmemaliza huko?" Mzee Kasimiri aliuliza, uso bado kwa barabara. "Jua linanichoma."

"Bado, Baba," Theopista alijibu. "Kasogee kivulini."